Kurasa 14 na Mtambo wa Gazeti: Historia ya Tovuti Tuli

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimechoka kublogu. La, hasha. Nilikuwa ninalipa deni, na deni hilo limenisukuma kusoma historia ambayo chuoni hakuna aliyenifundisha, nami sikuwahi kuuliza.

Mambo yalianza mwaka 2018. Nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, nikarudi nyumbani Voi wakati wa likizo na kuwahoji wazee 11 waliofanya kazi ya reli zamani, enzi zile reli ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mwingine aliendesha zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima. Niliandika maneno yao jinsi walivyoyasema, nikayaweka katika tovuti. Na kwa kuwa nilitaka kuonekana fundi, nilichukua mfumo mmoja maarufu wa kusimamia maudhui, wenye hifadhidata, mandhari ya kupendeza na programu-jalizi, yaani vijiprogramu vya kuchomeka, za kila aina. Ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa maelezo, ukurasa wa picha na mahojiano 11. Jumla kurasa 14. Wazee wakaonyeshwa kwenye simu, wakacheka, nami nikarudi Nairobi kifua mbele.

Mwaka jana nilipigiwa simu na mjukuu wa yule dereva wa Garratt. "Kaka, babu ametuacha," akaniambia. "Tulitaka kuyasoma yale maneno yake siku ya mazishi, lakini tovuti inatuletea mambo ya kamari."

Nikafungua. Ni kweli. Programu-jalizi ya picha, ambayo sikuisasisha tangu nihitimu, ilikuwa imewaachia wadukuzi mlango wazi. Waliingia, wakafuta maandishi ndani ya hifadhidata na kujaza matangazo ya kamari. Kampuni iliyonihifadhia tovuti ilikuwa na nakala za siku 30 tu, na uharibifu ulikuwa wa zamani kuliko hapo. Nakala yangu ilikuwa katika kipakatalishi kilichoibwa ndani ya matatu mwaka 2020. Rekodi za sauti zilikuwa kwenye simu iliyoingia maji. Sina wa kumlaumu. Kurasa 14, ambazo kwa miaka sita hazikubadilika hata herufi moja, nilizijengea nyuma mtambo wa kuchapisha gazeti la kila siku, kisha nikauacha mtambo wenyewe bila mlinzi.

Hebu nieleze tofauti kwa wale wasio wa fani. Tovuti tuli ni kama mama anayeuza mandazi asubuhi kando ya steji. Mandazi yalikaangwa alfajiri, yako kwenye ndoo. Unalipa, unapewa, unakwenda. Tovuti yenye mfumo ni kama kufika ukute unga, sukari na jiko, na kila mteja akandiwe na kukaangiwa lake papo hapo. Ukiomba ukurasa, seva inaamsha programu, programu inaiuliza hifadhidata maswali kadhaa, inayachanganya majibu na kiolezo, ndipo inakupa ukurasa. Ikiwa kila mteja anataka andazi la aina yake, hiyo ndiyo njia. Ikiwa wote wanataka lile lile la jana na juzi, jiko la nini? Na jiko linalowaka halikosi kuhitaji mtu wa kulichunga.

Sasa swali lililoninyima usingizi: ilikuwaje mtu aliyesomea tarakilishi miaka minne akadhani kwamba kurasa 14 zinahitaji hifadhidata?

Mwanzoni kulikuwa na faili

Turudi Geneva. Machi 1989, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliandika pendekezo kwa wakuu wake. Watu wengi hudhani wavuti ulibuniwa kwa ajili ya kutangaza au kuuza. Tatizo alilolieleza lilikuwa jingine: watu huja CERN, hukaa kama miaka miwili, huondoka, na wanayoyajua huondoka nao. Nilipoisoma sehemu hiyo niliwakumbuka wazee wangu wa Voi. Mkuu wake, Mike Sendall, aliandika juu ya karatasi ile kwamba wazo halieleweki vizuri lakini linasisimua.

Kufikia mwisho wa 1990 mambo yalikuwa yanafanya kazi kwenye tarakilishi moja ya NeXT, kutoka kampuni aliyoianzisha Steve Jobs baada ya kuondoka Apple. Tarakilishi hiyo ilibandikwa karatasi yenye onyo kwa wino mwekundu: hii ni seva, msiizime. (Kwetu tungeongeza: na ukisikia stima inataka kupotea, kimbia.)

Jambo ambalo sikulijua, na ambalo kwangu ndilo kiini cha hadithi yote, ni kwamba kivinjari kile cha kwanza, kilichoitwa WorldWideWeb, kilikuwa pia kihariri. Katika dirisha lile lile ulilosomea, uliweza kubofya katikati ya sentensi, ukaandika, ukaunganisha maneno na ukurasa mwingine, ukahifadhi. Ukurasa ulikuwa faili. Kuhifadhi faili ndiko kulikuwa kuchapisha. Hakukuwa na sehemu ya msimamizi, wala neno la siri la hifadhidata. Msomaji na mwandishi walitumia chombo kimoja.

Kasoro ilikuwa bei. Tarakilishi za NeXT zilikuwa ghali na chache. Ili watu wengine waweze kuonja wavuti, mwanafunzi wa hisabati aitwaye Nicola Pellow aliandika kivinjari chepesi cha maandishi matupu, kilichoweza kuendeshwa karibu kwenye tarakilishi yoyote. Kilifanya kazi nzuri sana ya kueneza wavuti mwaka 1991. Lakini kilikuwa cha kusoma tu. Mwaka 1993 kikaja Mosaic, kilichotungwa na Marc Andreessen na Eric Bina kule Chuo Kikuu cha Illinois, kikiweka picha katikati ya maandishi, na dunia nzima ikakikimbilia. Nacho kilisoma tu, hakikuhariri. Bila mtu yeyote kukaa kwenye mkutano na kuamua, kusoma kukawa kwa wote na kuandika kukawa kwa mafundi. Takriban kila kitu nitakachokieleza kuanzia hapa ni jaribio la kuziba pengo hilo.

Lugha yenyewe haikuwa ngumu. Maelezo ya HTML ya mwaka 1991 yalikuwa na tagi 18 hivi, na nyingi bado tunazo: H1 kwa kichwa, P kwa aya, A kwa kiungo, UL na LI kwa orodha. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, mtu yeyote azitumie bila kulipa. Mwenye Notepad na ujuzi wa tagi kumi alikuwa tayari mchapishaji.

Miaka ya Notepad

Kati ya 1994 na 1999 watu wa kawaida walijenga tovuti kwa mikono. GeoCities, iliyoanzishwa na David Bohnett na John Rezner mwaka 1994, iligawa nafasi bure na kuzipanga kurasa katika mitaa kama mji. Kurasa zile zilikuwa na nyota zinazomeremeta, rangi za kuumiza macho na vibao vya kusema ukurasa bado unajengwa. Wataalamu walizicheka. Mimi siku hizi sizicheki tena.

Huku kwetu intaneti ya umma ilikuwa inaanza kutambaa. Africa Online ilianzishwa na Wakenya watatu waliokuwa wamesoma Marekani, na mwaka 1995 kituo kilichojulikana kama ARCC kilikuwa tayari kinawauzia watu huduma. Data ilipita kwenye setilaiti. Hata mtu wa Nairobi akimwandikia mwenzake wa Nairobi, ujumbe ulivuka bahari kwenda na kurudi. Novemba 2000 watoa huduma walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu humu nchini, kikafungwa majuma machache baadaye kwa sababu Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba, ililalamika. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Nyaya za baharini zilitufikia mwaka 2009. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, ukurasa mwepesi kwa Mkenya haukuwa suala la ladha. Kwenye saiba ulilipa kwa dakika, na picha ikifunguka polepole uliiona pesa yako ikiyeyuka.

Basi kama kurasa za mkono zilikuwa nyepesi na rahisi, nani aliziua? Jibu halina mhalifu. Zilikwama kwenye orodha ya viungo.

Tuseme una kurasa 40, na kila mmoja una orodha ya viungo upande wa kushoto. Ukiongeza ukurasa wa 41, lazima ufungue zile 40 zote na kuongeza mstari mmoja. Ukikosea kwenye 23, msomaji anapotelea huko. Kila dawa iliyotolewa ilikuwa na ugonjwa wake. Netscape ilileta fremu mwaka 1996, orodha ikakaa dirisha moja na habari dirisha jingine, lakini ukimtumia mtu anwani alifikia mahali pasipo. Seva ziliweza kuchomeka faili moja ndani ya nyingine kwa agizo dogo, njia safi kabisa, ila ilibidi anayekuhifadhia tovuti akuruhusu. Dreamweaver ilikuwa na violezo, kwa waliomudu kuinunua.

Na kulikuwa na tatizo la pili, zito zaidi: mwenye maneno hakuwa mwenye faili. Katibu wa shule anajua tarehe ya mkutano wa wazazi, lakini hajui FTP ni nini. Akimpelekea fundi karatasi, fundi anasema kesho. Kila shirika dunia nzima lilikuwa na katibu huyo na fundi huyo. Aliyewaondolea ugomvi wao alikuwa na haki ya kushinda.

Kule 1993 seva zilikuwa zimeshapata njia ya kuendesha programu badala ya kutoa faili tu, iliyoitwa CGI. Juni 1995 Rasmus Lerdorf alitoa vifaa vyake vya PHP, ambavyo awali alivitunga ili kufuatilia wanaosoma wasifu wake. Mwaka huo huo ikaja MySQL. Vyote bure, vyote rahisi kuweka kwenye seva moja inayogawanwa na wateja mia. Jiko likawa limewashwa.

Tawi lililosahauliwa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sehemu hii hata wenzangu kazini hawaijui. Tunapenda kusimulia kwamba kwanza zilikuwapo faili, kisha zikaja hifadhidata. Katikati palikuwa na njia ya tatu.

Agosti 1999 kampuni ndogo ya San Francisco, Pyra Labs, ilizindua Blogger. Uliandika kwenye fomu, ukabofya kuchapisha, na Blogger ikachanganya maneno yako na kiolezo, ikatengeneza faili za HTML na kuzipeleka kwa FTP hadi kwenye seva yako mwenyewe. Katibu alipata fomu yake, msomaji alipata faili. Seva za Blogger zikizimika, blogu yako iliendelea kusomeka, kwa sababu mandazi yalishakaangwa. Google iliinunua Pyra mwaka 2003, na njia hiyo ya FTP ikaondolewa mwaka 2010.

Movable Type ilikwenda mbali zaidi. Ben na Mena Trott, mtu na mkewe, waliitoa Oktoba 2001. Ilikaa kwenye seva yako, ilikuwa na hifadhidata, lakini kazi ya hifadhidata ilikuwa jikoni tu. Aliyefika mezani alipewa faili. Wanablogu mashuhuri wa miaka ile waliitumia. Udhaifu wake ulikuwa kujenga upya. Ukibadilisha neno moja kwenye kiolezo, ilibidi kurasa zote zijengwe tena, na mwenye makala elfu alikwenda kunywa chai. Mbaya zaidi, kila maoni ya msomaji yalihitaji ukurasa ujengwe upya. Waliposhuka wale wa kumwaga maoni ya taka kwa mamia, seva zililemewa zikapiga magoti.

WordPress ilitoka tarehe 27 Mei 2003. Matt Mullenweg na Mike Little waliijenga juu ya b2, programu ya Michel Valdrighi iliyokuwa imeachwa. Yenyewe haikujenga chochote mapema; kila ukurasa ulipikwa ulipoombwa, kwa hiyo badiliko lilionekana papo hapo. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2004, Movable Type ilibadilisha masharti ya leseni na bei, watumiaji wakakasirika, na wengi wakahamia WordPress, ambayo ni programu huria. Mimi naona uamuzi ule wa leseni ulibadilisha sura ya wavuti kuliko ubora wa programu yoyote. Leo WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani.

Siwezi kupita hapa bila kuitaja Joomla, iliyozaliwa mwaka 2005 watunzi wa Mambo walipojitenga. Jina lake ni neno letu, jumla, lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Kiswahili kimo katika majina ya tovuti dunia nzima, na wengi wanaolitamka hawajui.

Mifumo hii ndiyo iliyotulea sisi mafundi wa Kenya. Kijana aliyemaliza chuo anaweza kuweka mfumo kwa kubofya kitufe kimoja kwenye akaunti ya seva, akanunua mandhari, akamuuzia mteja tovuti kabla ya Ijumaa. Sitabeza. Kodi yangu ya nyumba ya kwanza ililipwa hivyo. Lakini katika miaka yote hiyo sikumbuki mteja hata mmoja niliyemwuliza: nani atasasisha hiki kitu mimi nikiondoka?

Na gharama ya kutosasisha si hadithi za vitisho. Tarehe 15 Oktoba 2014 watunzi wa Drupal walitangaza kasoro iliyomruhusu mtu yeyote kuamuru hifadhidata kutoka nje. Majuma mawili baadaye walitoa onyo: tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa saba baada ya tangazo, mwenyewe achukulie kwamba imeshavamiwa. Saa saba. Kwetu tangazo lile lilifika jioni; aliyelala na kuamka saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amechelewa.

Kinachochekesha ni kwamba mifumo yenyewe ilijua faili ni bora. Tangu mwaka 2007 moja ya programu-jalizi zinazopendwa na watumiaji wa WordPress ni WP Super Cache, na kazi yake ni kuuchukua ukurasa uliopikwa, kuuhifadhi kama faili ya HTML, na kumpa msomaji faili hiyo. Tumezunguka mlima mzima kurudi kwenye ndoo ya mandazi.

Marejeo

Novemba 2008 Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alieleza kwamba amechoshwa na mifumo mikubwa ya kublogu, akaitoa Jekyll. Unaandika makala katika faili za maandishi, Jekyll inazichanganya na violezo kwenye tarakilishi yako, unapata folda ya HTML ya kupeleka popote. Ni wazo lile lile la Movable Type, ila jiko limehamishwa kutoka kwenye seva na kuletwa nyumbani kwako. Mwezi uliofuata GitHub ilianza kuhifadhi kurasa za aina hiyo bure. Hugo, ya Steve Francia, ilifuata mwaka 2013, na kwa sababu imeandikwa kwa Go inajenga maelfu ya kurasa kwa sekunde.

Aliyedhani ni mchezo wa wanablogu alinyamazishwa mwaka 2012. Kampeni ya Barack Obama, jina lisilohitaji maelezo hapa Kenya, ilihamishia kurasa zake za michango kwenye faili tuli zilizozalishwa na Jekyll, na shughuli ya malipo ikafanywa na huduma ya pembeni. Jukwaa lile lilikusanya takriban dola milioni 250.

Hata hivyo sikuitumia Jekyll kwa kurasa za wazee. Nilikuwa na mradi wa zamani wa Jekyll. Nikaujaribu, ukakataa kujengwa kwa sababu maktaba zake za Ruby zilikuwa zimebadilika. Tofauti ni kwamba safari hii sikupoteza kitu, kwani folda ya HTML ilikuwepo nzima. Jiko limeharibika, mandazi yapo. Lakini kwa kurasa 14 sikuona haja ya jiko lolote.

Nisieleweke vibaya. Januari 2008, vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliijenga Ushahidi kwa siku chache ili watu watume taarifa kwa ujumbe wa simu na zionekane kwenye ramani. Kitu kama hicho huwezi kukifanya kwa faili tuli. Maelfu ya watu wanapoandika kwa pamoja, unahitaji hifadhidata, na unahitaji watu wa kuichunga usiku na mchana. Makosa yangu yalikuwa kuchukua kifaa cha maelfu wanaoandika nikakipa mwandishi mmoja aliyekwisha kuandika.

Wala faili hazijilindi zenyewe. Yahoo iliyoinunua GeoCities mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3 iliifunga Oktoba 2009. Watu wa kujitolea wa Archive Team wakiongozwa na Jason Scott waliwahi kunakili sehemu kubwa, na waliweza kwa sababu kurasa zilikuwa faili: mashine inaufuata kila kiungo, inahifadhi inachokikuta, basi. Hata ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti ulipotea. Berners-Lee aliuandika upya mara kwa mara juu ya ule wa zamani bila kuweka nakala. CERN ilipoamua mwaka 2013 kuurudisha kwenye anwani yake ya asili, nakala waliyokuwa nayo ilikuwa ya 1992. Ndipo profesa mmoja wa North Carolina, Paul Jones, akasema ana nakala ya 1991 ndani ya tarakilishi yake ya zamani ya NeXT, aliyoachiwa na Berners-Lee mwenyewe. Ufungue ukurasa ule wa CERN leo kwenye rununu ya bei yoyote. Unafunguka, kilobaiti chache tu, wakati ukurasa wa kawaida wa siku hizi unakula zaidi ya megabaiti 2 za bando lako.

Folda ya wazee

Mahojiano matano niliyakuta katika Internet Archive, ambayo imekuwa ikihifadhi nakala za wavuti tangu 1996. Moja lilikuwa kwenye barua pepe niliyomtumia mama, ni la babu yangu. Moja lilitoka kwa binti wa mzee aliyekuwa akipanga mabehewa pale Voi njia inapochepuka kwenda Taveta: alikuwa amelichapisha kwenye saiba na kulihifadhi ndani ya Biblia. Jumla saba kati ya 11. La dereva wa Garratt halikuwamo.

Tovuti mpya ni folda moja. Kurasa 14 za HTML nilizoziandika kwa mkono, faili moja ya mtindo, picha. Orodha ya viungo iko kwenye ukurasa wa mwanzo pekee. Kurasa nyingine zina kiungo kimoja cha kurudi, na tatizo lililowasumbua watu miaka ya tisini likaisha hapo. Folda nzima ni chini ya megabaiti 3, nyingi zikiwa picha. Nimeipeleka kwenye seva, na pia nimempa kila mwenye familia kwenye flashi. Inafunguka bila bando, bila mimi.

Kurasa nne za waliopotea ziliachwa na jina, miaka ya kazi na picha. Mjukuu wa dereva aliona ya babu yake, akanipigia tena. "Kaka, sisi tunakumbuka mengine. Tuandike wapi?" Nikajikuta nataka kumwambia anitumie kwenye WhatsApp nitayapanga mimi. Badala yake nikamwambia afungue Notepad. Kwa simu, jioni moja, nikamfundisha H1 na P, na jinsi ya kuhifadhi faili ikaishia na html badala ya txt. Amemaliza kidato cha nne, hajawahi kuandika programu maishani.

Alikaa na shangazi zake siku mbili, akakusanya. Juzi akanitumia faili ya kilobaiti 6: babu yake akishuka kuelekea Mombasa usiku, na tembo aliyesimama relini karibu na Maungu akakataa kuondoka. Hakufunga tagi hata moja ya P. Kivinjari hakikujali, mwaka 1991 nako hakuna aliyezifunga. Nikaiweka kwenye folda kama ilivyo.